Okidi yangu haitoi maua

SWALI: Nilinunua okidi ya Phalaenopsis ikiwa na maua. Yalipodondoka, hayajarudi tena, ingawa majani yamenawiri, ya kijani iliyokoza. Nipo Dar es Salaam. Nifanye nini?

JIBU: Pole, ila umenipa jibu mwenyewe: kijani iliyokoza. Okidi inayokaa gizani hukuza majani na kusahau maua. Isogeze karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, au weka pazia jepesi, maana jua kali la mchana litaunguza majani. Yakigeuka kijani ya majani mabichi ya nyasi, mwanga umetosha.

Shida ya pili ni joto, na kwa Dar hii ndiyo kubwa. Mmea huu huanza kuchipua kikonyo cha maua baada ya wiki kadhaa za hali ya ubaridi, hasa usiku ukishuka chini ya nyuzi 20 hivi. Joto likizidi 28 mfululizo, hukataa kabisa. Kwa hiyo tumia Juni hadi Agosti: iache barazani usiku, kwenye upepo. Wa Arusha au Nairobi hawana taabu hiyo.

Mwagilia mizizi ikiwa na rangi ya fedha. Ikiwa bado ya kijani, subiri. Kama imepandwa kwenye udongo, ihamishie haraka kwenye vipande vya magome ya miti, kwani mizizi yake inahitaji hewa. Kikonyo kikitokeza, usikizungushe chungu, na vuta subira: maua huchukua miezi miwili hadi mitatu kufunguka.