Nani Aambiwe, Nani Asiambiwe

Barua zenu nyingi zinahofia jambo moja: nikisema ninafanyiwa ukatili nyumbani, habari zitafika wapi? Nimechagua zile zilizoninyima usingizi. Ninayoeleza ni ya jimbo la Victoria, Australia. Kila jimbo lina sheria zake.

Nikimweleza muuguzi, mume wangu ataambiwa?

Hapana. Habari zako hazipelekwi kwa anayekudhuru.

Ninafanya kazi na familia. Msimamizi wangu anasema hatuwezi kutoa habari za mtu bila ridhaa yake. Ni kweli? (Wameuliza walimu, wauguzi na wahudumu wa wakimbizi, nawajibu pamoja.)

Si kweli, na hakuna kosa linalonikera kama hili, kwa sababu anayelifanya hudhani analinda maadili. Jiulize kwanza: ridhaa ya nani? Anayetuhumiwa kufanya ukatili, ridhaa yake haihitajiki. Mtu mzima anayefanyiwa ukatili, ridhaa yake inahitajika, isipokuwa pakiwa na tishio kubwa kwa maisha, afya, usalama au ustawi wa mtu. Mtoto akiwa hatarini, hakuna ambaye ridhaa yake ni sharti, ingawa mama na mtoto waulizwe maoni yao kila inapowezekana kwa usalama.

Sheria hii ya kupeana habari ina historia chungu. Februari 2014 Luke Batty, mtoto wa miaka 11, aliuawa na baba yake kwenye uwanja wa kriketi wa Tyabb. Mama yake, Rosie, alikuwa amekwenda polisi na mahakamani. Ofisi hii ilijua hili, ile ilijua lile, na hakuna aliyekuwa na picha nzima. Tume ya Kifalme kuhusu ukatili wa familia, iliyoundwa mwaka uliofuata, ilitoa mapendekezo 227 mwezi Machi 2016. Ndipo Sehemu ya 5A, inayoruhusu taasisi kupeana habari, ikaongezwa kwenye Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Familia ya 2008. Ilianza kutumika Februari 2018, na shule zikaingizwa Aprili 2021.

Chukua mfano. Muuguzi anajua mama fulani alikabwa koo. Mahakama inajua mume amevunja amri ya ulinzi. Mwalimu anajua mama na watoto wamehama nyumba wiki iliyopita. Kila mmoja ana jambo analoweza kuliandika na kulifungia kabatini. Yaweke pamoja, na mbele yako yuko mwanamke anayeweza kuuawa mwezi huu, kwa maana wakati wa kuachana ndio wenye hatari kubwa.

Hii si ruhusa ya umbea. Wanaopeana habari ni taasisi zilizotajwa kisheria tu, kwa makusudi mawili: kutathmini hatari na kulinda. Habari inayoweza kuhatarisha uhai wa mtu au kuharibu upelelezi haitolewi. Ukitenda kwa nia njema na uangalifu, sheria inakulinda. Mwonyeshe msimamizi wako aya hizi.

Hakunipiga. Alinikaba mara moja tu, na hakuna alama.

Dada yangu, futa hilo neno "tu". Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake, uwezekano wa kuja kuuawa naye ni zaidi ya mara 7 ukilinganisha na asiyewahi kukabwa. Nenda hospitali leo: madhara ya ndani ya shingo huweza kujitokeza baadaye. Akirudi, piga 000, namba ya dharura.

Wazee na mchungaji wataka kutusuluhisha. Tuwape nafasi?

Kikao cha wazee hakipimi hatari. Tangulia kwa wanaoipima; nimewataja mwishoni.

Mume wangu anasema nikishtaki nitarudishwa kambini.

Hiyo ni silaha yake, na wapo wanaoieneza kwenye WhatsApp kana kwamba ni sheria. Uhamiaji ni idara ya serikali ya shirikisho. Haimo katika mfumo huu wa jimbo wa kupeana habari. Mwenye viza ya mwenza anaweza kuendelea na ombi la ukaazi hata ndoa ikivunjika kwa sababu ya ukatili. Viza nyingine zina masharti yake, kwa hiyo muulize wakili, usimuulize anayekutisha.

Polisi walipokuja alizungumza yeye, kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyeandikwa mkatili.

Jambo hili hutokea, na linanitia hasira, maana kosa likishaandikwa husafiri kutoka ofisi hadi ofisi. Mwongozo wa kutathmini hatari, MARAM, unawataka wafanyakazi watazame nani anamtawala nani na nani anamwogopa nani, si usiku mmoja peke yake. Dai kumbukumbu irekebishwe. Dai pia mkalimani, asiwe mtoto wako wala shemeji yako. Namba ya huduma ya taifa ya ukalimani ni 131 450.

Nimesimulia ofisi tatu. Nimechoka kurudia.

Mama, pole. Usianze upya. Nenda The Orange Door, huduma ya jimbo kwa wanaofanyiwa ukatili wa familia, ambako wafanyakazi wanaweza kuomba habari za anayekudhuru kutoka polisi, mahakama, magereza na idara inayolinda watoto. Waulize swali moja: "Mmeshaomba habari zake?" Kuzikusanya ni kazi yao. Wewe umeshafanya yako mara tatu.