Mficha Uchi Hazai: Aibu za Ujauzito na Uzazi, na Zipi Hazifai Kunyamaziwa

Chafya moja ndani ya matatu ya Bamburi yatosha kumfanya mja mzito ajute kwa nini hakupitia chooni kabla ya kutoka nyumbani. Dera limelowa, abiria wamejaa, na kituo cha kushukia bado kiko mbali. Akifika nyumbani atacheka au atalia, na huenda asimwambie mtu.

Wazee wa Pwani walisema mficha uchi hazai. Methali hii hutumika katika mambo mengi, lakini maana yake ya kwanza iko kwenye chumba cha uzazi. Mambo mengi yanayowaaibisha waja wazito ni ya kawaida na hayana madhara. Machache ni dalili za hatari, na kwa kuwa hufanana na yale ya kawaida, mama hunyamaza mpaka muda unapita. Somo hili linaeleza jinsi ya kuyatofautisha.

Pua, tumbo na kibofu

Katika miezi mitatu ya kwanza pua ya mja mzito huwa kali. Samaki anayekaangwa nyumba ya pili, moshi wa magari kwenye foleni ya feri Likoni, au sabuni aliyokuwa akiipenda, vyote vyaweza kumtapisha mbele za watu. Wengine huchukia hata harufu ya mume, na watu husema mimba imemkataa. Mume asidhani kuwa amechukiwa. Mara nyingi hali hii hupungua mimba inapokua. Lakini mama anayetapika kila kitu, hata maji, na ambaye mkojo wake umekuwa mchache na mweusi, anahitaji matibabu siku hiyo hiyo.

Tumbo nalo hujaa hewa. Homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya matumbo, chakula kikapita polepole, na hapo huja kiungulia, kufunga choo na upepo usiochagua mahali pa kutokea. Maji ya kutosha, mboga, matunda na kutembea husaidia.

Mkojo huponyoka kwa sababu kizazi hukandamiza kibofu huku misuli ya nyonga ikilegea. Zoezi lake halihitaji chumba wala vifaa: mama abane misuli ile ile inayozuia mkojo, ahesabu mpaka 5, aachie, arudie mara 10. Afanye hivyo mara 3 kwa siku, hata akiwa ameketi ndani ya tuktuk. Mkojo unaochoma au unaoandamana na homa ni jambo jingine. Huenda ni maambukizi, na yanatibika kliniki.

Ni mkojo au chupa imepasuka?

Hapa aibu huanza kuwa na gharama. Mama hulowa usiku, akadhani amejikojolea, akabadilisha shuka kimya kimya. Kumbe chupa ya maji imepasuka.

Mkojo una harufu yake, na kwa kawaida ukibana unakatika. Maji ya chupa hayabaniki. Yaweza kumwagika kwa wingi au kuvuja kidogo kidogo, na mama akibadilisha nguo hulowa tena. Avae pedi au kitambaa safi, aangalie rangi, asiingize kitu chochote ukeni, kisha aende hospitali hata kama uchungu haujaanza. Kadiri saa zinavyopita, ndivyo hatari ya maambukizi kwa mama na mtoto inavyoongezeka. Maji ya kijani au kahawia huonyesha kuwa mtoto amejisaidia tumboni, na hapo hakuna kungoja. Vivyo hivyo maji yakimwagika kabla ya wiki 37.

Ikibainika kuwa ulikuwa mkojo tu, hakuna kilichoharibika. Wakunga huulizwa swali hili mara nyingi.

Kwenda na kapu, kurudi na tumbo

Kisa hiki hujulikana mitaa yote. Uchungu umeanza saa nane za usiku, jirani mwenye gari ameamshwa, mama mkwe amebeba kapu la leso na nguo za mtoto, na msafara umefika hospitali. Asubuhi wanarudi wote, na tumbo ni lile lile. Majirani wanauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Huo huitwa uchungu wa uongo. Huja bila mpango, na mara nyingi hutulia mama akipumzika, akinywa maji au akitembea. Uchungu wa kweli hufuata mpango: hukaribiana, huzidi nguvu, huchukua muda mrefu zaidi kila unaporudi, na hautulii kwa kutembea. Huenda ukatanguliwa na ute wenye damu kidogo.

Hatari iko kwa mama aliyerudishwa mara mbili akachekwa. Mara ya tatu hukaa nyumbani akingoja kuhakikisha, na mara ya tatu ndiyo huwa ya kweli. Jamaa wasimcheke, na mama asione haya kurudi hata mara ya nne.

Kwa wakazi wa bara hesabu ya njia ni muhimu. Hospitali za Likoni na Port Reitz ziko upande wa bara, lakini mama akipewa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi huiita Makadara, atalazimika kuingia kisiwani. Wa Likoni atavuka kwa feri, wa Kisauni atapita Daraja la Nyali, na wa Changamwe atapita Makupa. Msafara wa usiku, nauli na dereva vipangwe kabla ya mwezi wa tisa.

Haja kubwa, au mtoto?

Hili ndilo jambo la kushikwa zaidi katika somo hili. Kichwa cha mtoto kinaposhuka hukandamiza utumbo wa nyuma, na mama huhisi vile vile anavyohisi haja kubwa inapomjia. Kwa haya, huondoka kimya na kwenda chooni. Katika nyumba za Kiswahili choo huwa uani, kinatumiwa na vyumba vingi, na mlango hufungwa kwa ndani. Mtoto aweza kuzaliwa hapo, bila mtu wa kumpokea.

Mja mzito aliye na uchungu akihisi haja kubwa ya ghafla, asiende chooni peke yake. Amwambie aliye karibu, kwa maneno yoyote. Akiwa kwenye foleni ya feri, yeye au msindikizaji amwambie mfanyakazi wa kivuko mapema.

Mtoto akianza kutoka kabla ya kufika hospitali, mama alale ubavu juu ya leso safi. Asibane mapaja kumzuia mtoto, wala mtu asimvute. Mtoto akitoka apanguswe akauke, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Kitovu kisikatwe kwa wembe wa nyumbani wala kondo la nyuma lisivutwe. Wote wawili wapelekwe hospitali mara moja.

Ndani ya leba

Swali ambalo wengi hulinong'ona ni hili: je, mtu hujisaidia wakati wa kusukuma? Ndiyo, mara nyingi. Misuli inayosukuma mtoto ndiyo inayosukuma choo, na kwa mkunga hiyo ni ishara kuwa mama anasukuma panapotakiwa. Hufuta, hubadilisha kitambaa, na kazi inaendelea. Anayejizuia kwa haya hupoteza nguvu anazozihitaji.

Mengine ni ya kuchekwa baadaye: mama mpole kumtukana mume wake na ukoo mzima, au mume aliyekuja kumtia moyo mkewe akazimia yeye. Mwandamani wa mama ale kabla ya kuingia, na akihisi kizunguzungu aketi chini haraka. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mwandamani anayemtaka wakati wa kujifungua, awe mume, dada au mama yake.

Kwa upande wa pili, kuaibishwa hakumo katika uzazi. Katiba ya 2010 inalinda utu wa kila mtu katika Kifungu cha 28 na faragha yake katika Kifungu cha 31, na Kifungu cha 43 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Machi 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma ilimpa fidia ya Sh2.5 milioni mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013 na kutukanwa. Mama ana haki ya kuomba pazia livutwe, kufunikwa leso, na kuelezwa kabla ya kupimwa.

Baada ya kujifungua

Mtoto wa mtu mwingine akilia sokoni Kongowea, maziwa ya mama aliyejifungua juzi hutiririka. Ni homoni ya oksitosini inayoitikia kilio, na kitambaa kilichokunjwa ndani ya sidiria chatosha.

Mkojo kuponyoka mama akicheka au kukohoa katika wiki za kwanza hutokea kwa wengi, na zoezi lililotajwa juu husaidia. Lakini mkojo au choo kinachovuja mchana na usiku bila kukatika chaweza kuwa fistula, yaani tundu linalobaki baada ya uchungu uliokwama muda mrefu. Si laana wala hajarogwa. Wengi hujifungia ndani kwa miaka kwa sababu ya harufu, ilhali hutibiwa kwa upasuaji. Kila tarehe 23 Mei dunia huadhimisha siku ya kuitokomeza. Hatua ya kwanza ni kumwambia nesi wa kliniki au mhudumu wa afya wa mtaani.

Dalili za kwenda hospitali bila kungoja

- Kutokwa na damu ukeni wakati wowote wa ujauzito, au damu nyingi baada ya kujifungua.
- Kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, au uso na mikono kuvimba.
- Degedege au kuzimia.
- Mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa.
- Homa, au uchafu wenye harufu mbaya ukeni.
- Maji kumwagika, hata bila uchungu.

Jipime

*1. Mama amelowa kitandani na hana uchungu. Angoje asubuhi?* Hapana. Avae pedi, aangalie rangi na aende hospitali.

*2. Amerudishwa nyumbani mara mbili. Uchungu umeanza tena.* Aende tena.

*3. Yuko katika uchungu na anahisi haja kubwa ya ghafla.* Amwambie mtu kabla ya kusogea mlangoni.