Unaweza Kupita Limiti ya Kadi Bila Kununua Kitu

Kwa simu mambo ni rahisi. Salio likiisha, muamala unakataa na SMS inakuambia pesa haitoshi. Hata Fuliza ina mwisho wake, na pesa ikiingia kwenye laini, deni linakatwa kabla hujaigusa. Ukihama na mazoea hayo hadi kwenye kadi ya mkopo ya benki, utashangaa.

Limiti ya kadi inakuzuia wewe kwenye duka. Haizuii benki. Ukiswaipu supamaketi na limiti imejaa, mashine mara nyingi itakataa. Lakini riba na ada ya mwaka hazipiti kwenye mashine. Zinaandikwa moja kwa moja kwenye deni lako.

Tufanye hesabu. Kadi yako ina limiti ya KSh 50,000. Mwezi huu umelipa kile kiwango cha chini benki inachodai, deni likabaki 48,500. Unajiambia, bado niko na 1,500. Tuseme riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi: hiyo ni 1,697.50. Deni sasa ni 50,197.50. Hujanunua hata mkate, na umepita limiti kwa 197.50. Kama benki yako inatoza, tuseme, 1,000 kwa kupita limiti, umelipishwa karibu mara tano ya kiasi ulichozidisha. Na ile 1,000 nayo imeingia kwenye deni.

Nchini Marekani, sheria iliyoanza kutumika Februari 2010 inasema benki haiwezi kutoza ada hiyo kama mteja hajakubali mapema, na ada haiwezi kuzidi kile kiasi kilichopita. Hapa kwetu, soma orodha ya ada ya benki yako. Tafuta neno “overlimit”, hata kama maandishi ni madogo ya kuumiza macho.

Kuna njia nyingine limiti huisha bila wewe kujua. Hoteli, kwa mfano, inaweza kushikilia pesa kwenye kadi unapoingia, kama dhamana. Hujatumia, lakini huwezi kuitumia, na baada ya kuondoka inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa. Malipo ya dola pia: ulinunua kwa bei moja, lakini muamala ukapita siku mbili baadaye dola ikiwa imepanda. Halafu kuna zile apu za filamu na muziki zinazojikata kila mwezi. Hizo ndizo tunaona watu wakisahau zaidi.

Ukishapita, usingoje taarifa ya mwisho wa mwezi. Benki nyingi huongeza kiasi kilichozidi juu ya malipo ya chini, kwa hivyo bili inayofuata itakuwa nzito kuliko ulivyozoea. Lipa kile kilichozidi kwanza, hata kama ni 200, na uongeze cha kubeba riba ya mwezi ujao. Ukilipa kwa Paybill, hakikisha nambari ya akaunti ni ile ya kadi, si ya akiba yako. Lipa siku mbili tatu mapema pia, kwa sababu SMS ya simu ikifika papo hapo haimaanishi kadi imesoma malipo papo hapo.

Na wasiwasi wa CRB? Kupita limiti kwa siku chache si sawa na kukataa kulipa. Deni lililokaa zaidi ya siku 90 bila malipo ndilo linaloleta shida kubwa.

Mtu akikupigia kusema “umepita limiti, nitumie ile namba ya siri iliyoingia kwa SMS tuirekebishe”, kata simu. Benki haihitaji namba hiyo kuangalia deni lako. Ipigie wewe mwenyewe, kwa nambari iliyo nyuma ya kadi.