Mtoto Akinyamaza, Mtazame Akicheza

Mtoto wa miaka 6 ambaye nyumba yao imesombwa na mafuriko huenda asiseme hata siku moja kwamba anaogopa. Ataanza tena kukojoa kitandani ingawa alikuwa ameacha. Atalia mawingu yakitanda, atakataa kwenda shule, atampiga mdogo wake bila sababu inayoonekana. Akiulizwa ana nini, atajibu, "Hakuna." Wala hadanganyi. Maneno ya kueleza yaliyompata bado hana.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalihamisha maelfu ya familia nchini na kuchelewesha ufunguzi wa shule. Mahema yaling'olewa na barabara zikatengenezwa, lakini hofu ya mtoto haina tarehe ya kufungwa. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto aliyefiwa, aliyeshuhudia wazazi wakipigana, au aliyelazwa hospitalini kwa muda mrefu.

Mtoto huyo huyo, akiachwa nyuma ya nyumba na kopo la maji, anajenga kijumba cha udongo, anakimwagia maji, kinabomoka, anaanza upya. Mtu mzima anayepita humkemea kwa kujichafua. Mtaalamu wa tiba ya mchezo angeketi karibu naye na kutazama.

Mtoto anaongoza

Tiba ya mchezo hutumiwa zaidi kwa watoto wa miaka 3 hadi 12. Misingi yake mingi inatokana na kazi ya Virginia Axline, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha kitabu kuhusu tiba hii mwaka 1947. Alisisitiza kwamba mtoto apokewe jinsi alivyo, asiharakishwe, na yeye ndiye aongoze huku mtu mzima akimfuata.

Chumba cha tiba huwa na wanasesere wa familia, wanyama wakali na wapole, simu ya kuchezea, vifaa vya daktari, rangi, udongo na sinia ya mchanga. Gari la waya na mwanasesere wa vitambaa vinatosha kabisa. Kifaa cha bei ghali kinachoimba kikibonyezwa hakisaidii sana, kwa kuwa kinajua jambo moja tu.

Mtaalamu haulizi "kwa nini". Anasema anachokiona: "Mtoto amejificha chini ya kitanda. Hakuna anayejua aliko." Mtoto akisikia hivyo hutambua kwamba kuna mtu ameona, na hajakasirika. Mipaka ipo, ila ni michache: asijiumize, asimuumize mtaalamu, asivunje vitu makusudi. Akitaka kupiga huambiwa, "Naona umekasirika sana. Mimi sipigwi, lakini mto huu unaweza kuupiga." Hasira inakubaliwa, kipigo kinaelekezwa kwingine.

Mchezo unapokwama

Kucheza peke yake hakumponyi kila mtoto. Mwaka 1976, huko Chowchilla, California, watoto 26 na dereva wao walitekwa nyara wakiwa katika basi la shule na kufungiwa ndani ya trela iliyofukiwa ardhini. Walijiokoa baada ya saa kama 16. Lenore Terr, daktari wa akili aliyewafuatilia kwa miaka kadhaa, alieleza jinsi baadhi yao walivyoigiza mkasa huo tena na tena, mchezo mkavu usio na furaha, ambao haukuwapunguzia hofu.

Hapo ndipo mtu mzima mtulivu anapohitajika. Katika tiba, hadithi husogea polepole. Wiki za kwanza kila mwanasesere anazama. Baadaye mmoja anapanda juu ya paa. Siku moja mtoto anatafuta kipande cha mbao, anakiita mashua, na kuanza kuwaokoa waliobaki. Mafuriko hayajafutwa, ila safari hii mtoto ana la kufanya.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikusanya tafiti 93 na kuonyesha kwamba watoto waliopata tiba ya mchezo walipata nafuu kuliko wenzao ambao hawakuipata. Matokeo yalikuwa bora zaidi pale wazazi walipofunzwa kuiendesha wenyewe. Mbinu hiyo ya kuwafunza wazazi ilianzishwa Marekani na Bernard na Louise Guerney katika miaka ya 1960.

Nyumbani

Mzazi hawi mtaalamu kwa kusoma makala, lakini kuna anachoweza kuanza nacho. Achague siku na saa moja kila wiki, nusu saa hivi, aweke simu kando na kumwachia mtoto achague mchezo. Asifundishe wala kusahihisha; ng'ombe akichorwa wa samawati, ni wa samawati. Akipewa kazi ya kuwa mtoto katika kalongolongo, akubali kutumwa na kugombezwa. Dakika 5 kabla ya kumaliza, amwarifu. Kwa anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku na bado hajapika, nusu saa ni nyingi. Dakika 15 zinazotimizwa zina faida kuliko saa nzima iliyoahidiwa.

Kumchapa mtoto kwa kukojoa kitandani humwongezea hofu ile ile inayomkojoza. Isitoshe, Ibara ya 29 ya Katiba inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko.

Tahadhari moja ni muhimu. Mchezo haupaswi kuchukuliwa kama ushahidi. Mtoto akiigiza mambo ya kingono yasiyolingana na umri wake, asihojiwe mara kwa mara na kila jirani, kwani maswali mengi humchanganya na yanaweza kuharibu kesi. Apelekwe hospitalini, na afisa wa watoto aarifiwe mara moja.

Dalili zikizidi mwezi mmoja, au mtoto akijiumiza, akikataa kula au akizungumzia kufa, mzazi aende kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa kwa mshauri nasaha au kliniki ya afya ya akili. Wataalamu wa tiba ya mchezo ni wachache, hivyo ni vyema kuuliza waziwazi iwapo anayemhudumia mtoto amewahi kutumia mchezo. Mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini anaweza kuelekeza. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto haitozwi malipo, hupokewa usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.