SOMO LA FAMILIA: MTOTO ANAPOCHAGULIWA AKADEMI YA MPIRA

Somo letu la mara hii ni kwa wazazi na walezi. Kila jioni viwanja vyetu vya vumbi vimejaa watoto, na siku hizi watu wa akademi na wa mashule yenye timu kubwa wanakuja kuwatazama. Mtoto akichaguliwa, nyumba nzima inafurahi. Wengine wanauza mbuzi, wengine wanauza hata mahindi ya mgao, ili apate viatu na nauli.

Furaha hiyo ni halali. Lakini tukumbushane jambo moja: akademi inafundisha mpira, haichukui kazi ya mzazi. Mtoto aliyekabidhiwa kisha akasahauliwa ni yatima ambaye wazazi wake wangali hai.

1. Hana hakumwacha Samweli

Hana alimpeleka Samweli kwa kuhani Eli angali mdogo. Hata hivyo kila mwaka alikwenda kumwona, akimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Tufikiri juu ya kanzu ile. Mtoto anakua, na kanzu ya mwaka jana haimtoshi. Ili ashone inayomfaa, mama alipaswa kujua mwanawe amefikia kimo gani.

Tena tusisahau kwamba wana wa Eli walikuwa watu wabaya. Nyumba yenye heshima inaweza kuwa na hatari ndani yake. Kwa hiyo mzazi aende mwenyewe akaone mahali mtoto anapolala. Aulize analala na nani, anakula nini, nani anamtibu akiumia. Mtoto asilale chumba kimoja na kocha, hata kocha huyo akiwa mtu wa sala. Kocha mwema hataudhika kwa maswali hayo. Anayeudhika amekwisha kutujibu.

2. Mama aliyesita

Alphonso Davies alizaliwa mwaka 2000 katika kambi ya Buduburam, Ghana. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita vya Liberia. Alipokuwa na miaka 5 familia ilihamia Kanada, ikakaa mjini Edmonton. Huko wazazi walifanya kazi saa nyingi, naye akasaidia kulea wadogo zake. Alipofika miaka 14, akademi ya Vancouver Whitecaps ilimtaka, na Vancouver iko mbali na Edmonton zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Mama yake alisita. Alimwona bado mdogo, akaogopa kwamba tabia yake itabadilika. Alimruhusu baada ya mtoto kuahidi kwamba atabaki vile alivyolelewa. Mwaka 2018 Bayern München ya Ujerumani ilimnunua, na mwaka 2020 alitwaa nayo ubingwa wa vilabu vya Ulaya.

Ndugu zangu, mama yule hakukosa imani kwa kusita. Kusita ni sehemu ya malezi. Mzazi akiambiwa, "Amua leo, gari linaondoka kesho," ajue kwamba anaharakishwa ili asifikiri.

Lakini tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Jina la Davies tunalijua kwa sababu ni mmoja. Wavulana wengi wanapita katika akademi, wanarudi nyumbani bila mkataba, na hakuna anayeandika habari zao.

3. Daftari lisiachwe nyuma

Kwa sababu hiyo shule haitolewi sadaka kwa ajili ya mpira. Nadia Nadim alizaliwa Afghanistan mwaka 1988. Baba yake aliuawa na Wataliban, na mama yake akakimbia na mabinti zake watano hadi Denmark. Huko katika kambi ya wakimbizi Nadia alijifunza mpira. Alichezea timu ya taifa ya Denmark, na wakati huohuo alisomea udaktari. Mwaka 2022 alimaliza masomo hayo. Wazazi wenye mabinti wanaopenda mpira nao wasikie habari hii.

Basi akademi ikija, swali la kwanza lisiwe juu ya viatu. Tuulize: atasoma shule gani? Nani atalipa ada? Akivunjika mguu, je, busari itaendelea au atarudishwa siku hiyohiyo? Majibu yaandikwe, mzazi abaki na nakala.

4. Wanaokuja na ahadi

Mwaka 2015 chama cha wachezaji duniani, FIFPro, kilifuatilia habari za vijana wa Afrika Magharibi, miongoni mwao Waliberia, waliopelekwa Laos huko Asia kwa ahadi ya akademi. Walikuwamo watoto wa miaka 14. Walilala sakafuni wamebanana, na mshahara walioahidiwa hawakuupata.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi hadi nchi kwa ajili ya mpira. Vighairi ni vichache, kwa mfano wazazi wenyewe wakihama kwa sababu zisizohusu mpira, kama familia ya Davies ilivyohamia Kanada. Basi mtu akisema atampeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya au Uarabuni peke yake, tusimpe pesa, na tusimpe karatasi za mtoto. Twende kwanza kwa viongozi wa makazi na ofisi ya ulinzi wa watoto.

Jambo jingine ni umri. Wengine watasema, "Tupunguze miaka miwili tu." Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wetu imeandikwa kwenye kadi ya familia. Karatasi mbili zikipingana, mashaka yanaingia katika faili ya nyumba nzima. Tena tangu mwaka 2009 FIFA imepima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Uongo unaweza kupita hapa kwetu, ukakamatwa mbele.

5. Siku atakaporudi

Tusimbebeshe mtoto deni la familia. Mtoto anayesikia kila siku, "Wewe ndiwe utakayetutoa kambini," atacheza akiwa na maumivu na kuyaficha, na akiachwa ataona aibu kurudi nyumbani. Wako vijana wanaopotelea mijini kwa sababu ya aibu hiyo. Kabla hajaondoka, baba na mama wamwambie wazi kwamba mkeka wake upo, na sahani yake ipo, akishinda au asiposhinda. Na wadogo zake wasinyimwe daftari kwa ajili ya viatu vya mmoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mtoto wetu akiondoka, nani kati yetu atakwenda kumwona, na mara ngapi?
2. Mechi zikiwa Jumapili, tutakubaliana nini naye na kocha juu ya ibada?
3. Je, mtoto anajua kwamba anaweza kurudi bila kuulizwa, "Umeleta nini?"

Bwana awape wazazi wote hekima, na awalinde watoto wetu waendako na warudipo. Amina.