Mwenzenu Ametia Zote: Uweke Dau au Upite?

Kuna dau moja kwenye meza ya poka linalonikera kuliko mengine yote: mkwara wa kumtisha mtu wa tatu huku wa kwanza keshatia chipsi zake zote. Kwenye mashindano madogo ya Nairobi ninakochezea hulikosi usiku ukiisha, na anayeliweka mara nyingi ni mtu anayeujua mchezo vizuri tu.

Tuchukue Texas Hold'em. Aliye kwenye nafasi ya mgawaji amebakiwa na 3,000, anatia zote. Wewe na jirani yako, mlioweka madau ya lazima, mnamfuata, na kila mmoja wenu bado ana akiba nene. Fungu kuu lina 9,000. Fungu la pembeni, ambalo ni la nyinyi wawili peke yenu, lina sifuri. Zinafunuliwa karata tatu: mfalme, saba, mbili. Wewe una malkia na ghulamu, yaani huna kitu. Unaweka 4,000. Jirani ana kumi mbili, anamwogopa yule mfalme, anatupa.

Umepata nini hapo? Zile 4,000 zinakurudia wewe mwenyewe, maana hakuna aliyezifuata. Zile 9,000 hujazigusa, kwa sababu aliyekwisha kutia zote hatishiki. Anangoja karata tu. Anafunua nane na saba. Jozi yake ya saba inakushinda, na zile kumi mbili ambazo zingemtoa mashindanoni umezifukuza wewe.

Hesabu ya watu wawili dhidi ya mmoja ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hata mwenye ree mbili, karata bora kabisa za kuanzia, hushinda takriban asilimia 85 akikabiliana na mtu mmoja mwenye karata zozote. Wakiwa wawili, anashuka hadi kama 73. Kwa hiyo mkikaribia nafasi za zawadi, mtu mmoja akitoka kila aliyebaki anapanda, na kupita hadi karata ya tano huwa ndiyo njia ya faida. Kwenye satelaiti, zile mechi ambazo zawadi yake ni tiketi ya mashindano makubwa, uzito huo ni maradufu, kwa kuwa tiketi ya mwenye chipsi nyingi na ya mwenye chache ni ileile. Chris Moneymaker aliingia World Series of Poker ya 2003 kupitia satelaiti ya mtandaoni ya dola 86, akatoka na dola milioni 2.5, tangu hapo kila mtu anazitaka tiketi hizo.

Lakini wale wanaoapa kwamba dau halipaswi kuwekwa kamwe nao siwaungi mkono. Tuseme wewe ndiye mwenye kumi mbili, na mezani kuna tisa, sita na mbili. Jirani ana mfalme na malkia. Zimebaki karata sita za kumwokoa, na kwa karata mbili zijazo hiyo ni nafasi ya karibu robo ya kuwashinda nyote. Weka dau! Akitupa, hiyo robo wanaigawana akina nani? Wewe na aliyetia zote, na wewe ndiwe mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa mbele. Kwenye meza ya pesa taslimu, ambako hakuna faida ya kumtoa mtu, mimi huweka bila kusita. Na ukiwa na karata nzito, kama seti, yaani karata tatu zinazofanana, weka popote pale ujaze fungu la pembeni. Kumpitia jirani ukiwa umeshika silaha ni kumpa zawadi.

Kipimo changu basi ni hiki: akitupa huyu wa tatu, je, nitamshinda aliyetia zote? Kama jibu ni hapana, gonga meza upite.

Ila gonga kimya. Kumwambia jirani "tupite tu tumtoe huyu" ni kula njama, na msimamizi wa mashindano ana haki ya kukuadhibu. Vilevile mashindano mengi humwadhibu mtu wa mwisho kucheza anayepita kwenye karata ya tano akiwa na mkono usioshindika. Waulize wasimamizi kanuni yao kabla hujakaa mezani.