MFANYABIASHARA MDOGO NA MHESHIMIWA WAKE

Somo langu mwaka huu ni ardhilhali. Msikimbie! Neno hili asili yake ni Kiarabu, ardh hal, yaani kueleza hali, na Bungeni ndilo linalotumika kwa ombi rasmi la wananchi. Nimelichagua kwa sababu hapa mjini Garissa watu wenye hali ya kueleza ni wengi: akina mama wa maziwa ya ngamia, wauza mitumba, wenye vioski, wenye mikokoteni ya punda na wachuuzi wa soko la mifugo. Ada wanalipa, lakini wachache sana humwambia mheshimiwa neno.

Kwa nini wananyamaza?

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Mkoa huu uliwekwa chini ya hali ya hatari kuanzia Desemba 1963, na ikaondolewa 1991. Mtu aliyekulia katika miaka hiyo alijifunza kwamba ofisi ya serikali ni mahali pa kuitwa, si mahali pa kwenda mwenyewe. Sababu ya pili ni kwamba wengi hawajui wabishe mlango gani. Utasikia mtu akisema, "Ah, mheshimiwa akishapanda gari la vioo vyeusi, ndio basi." Lakini mlango usiobishwa haufunguliwi.

Milango yenyewe

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Masoko, leseni za biashara, viwanja vya kuuzia mifugo na vyama vya ushirika ni kazi ya kaunti. Basi ikiwa soko halina choo, au ada ya kibali imepanda, mtu wa kwanza ni MCA. Kaunti yetu ina wadi 30, na mji wa Garissa uko katika wadi za Waberi, Galbet, Township na Iftin. Mambo kama kodi za taifa, benki na usalama yanamhusu mbunge wa jimbo na Mwakilishi wa Wanawake. Seneta naye hulinda maslahi ya kaunti na kuangalia fedha zake zinavyotumika. Kumpelekea seneta shida ya choo cha soko ni kama kumpelekea fundi saa baiskeli: atakusikiliza, lakini spana hana.

Wakati wa kusema

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Ada za soko na za vibali huwekwa na Mswada wa Fedha wa kaunti, na Kifungu 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Mkutano wa maoni ukiitwa, nenda. Kinachotokea ni kwamba viti hubaki vitupu, halafu askari wa kanju anapokuja na risiti mpya ndipo kelele zinaanza. Kumbukeni Mswada wa Fedha wa taifa wa 2024. Pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16 liliondolewa na kamati ya Bunge baada ya watu kulalamika. Mswada wenyewe Rais alikataa kuutia sahihi Juni 26, lakini hapo tayari maisha yalikuwa yamepotea katika maandamano ya siku iliyotangulia. Neno lisemwe mapema, kabla ya kumwaga damu.

Namna ya kuandika

Kifungu 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa haki hiyo kwa bunge la kaunti. Kwa ile ya Bunge la taifa, sheria ya 2012 inataka haya:

1. Iandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Kuandika kwa mkono kunakubalika.
2. Lugha iwe ya heshima, bila kufutafuta.
3. Eleza kisa kwa kifupi, na useme ulikwenda wapi kwanza ukajibiwa nini.
4. Sema kama jambo liko mahakamani au la.
5. Malizia kwa kutaja wazi unachoomba.
6. Kila mwombaji aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba.

Tazameni nambari 1 na 6! Mama asiyejua kusoma naye ana nafasi. Anachohitaji ni mtu wa kumwandikia Kiswahili sanifu, na watu hao ni sisi.

Mfano wa hapa kwetu

Baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala. Kwa mwenye duka hapa, hawala ndiyo njia ya kulipia mzigo na kupokea fedha za jamaa walioko ng'ambo. Wabunge wa eneo hili, serikali ya Somalia na mashirika ya misaada walisema wazi kwamba wasio na hatia wanaumia. Juni mwaka huo huo kampuni zikaruhusiwa kufungua. Serikali ilisikia kwa sababu wengi walisema jambo moja.

Hitimisho

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wauza maziwa ishirini wakiwa kikundi, wana ardhilhali. Mmoja mmoja wana manung'uniko tu. Na msitoe chai ili msikilizwe. Haki hainunuliwi.

Maswali ya kujadili

1. Taa za soko zimezimika. Utamwona nani kwanza, na kwa nini?
2. Tofautisha ardhilhali na manung'uniko.
3. Andika ardhilhali ya ukurasa mmoja kwa niaba ya mfanyabiashara unayemfahamu, kisha umsomee.